Mwanya Kati ya Picha: Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi Zikisomwa kwa Jirani ya Bunilizi ya Kisayansi na Riwaya ya Michoro

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimezoeleka kuwekwa katika fungu moja, yaani riwaya za majaribio. Fungu hilo linasaidia kuzitenga na riwaya za awali za mwandishi huyohuyo: Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Hata hivyo, jina hilo linaeleza zaidi kile ambacho kazi hizi zimekiacha kuliko kile zinachokifanya. Linasema kwamba msuko wa moja kwa moja umevunjwa na wakati umevurugwa. Halisemi ni kitu gani kinachoshika nafasi ya msuko huo, wala jinsi msomaji anavyoweza kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila kushikilia mnyororo wa sababu na matokeo.

Makala haya yanajenga hoja kwamba kinachoshika nafasi ya msuko katika kazi hizi ni mfuatano wa picha zilizotengwa na mianya. Kwa sababu hiyo, kazi hizi zinasomeka vizuri zaidi zikiwekwa karibu na tanzu mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja nazo: bunilizi ya kisayansi na riwaya ya michoro ya watu wazima. Haidaiwi hapa kwamba Kezilahabi alitunga riwaya ya michoro; masimulizi yake yote yamebebwa na maneno. Kinachodaiwa ni kwamba kazi hizi zinahitaji namna ya kusoma ambayo msomaji wa katuni huitumia kila siku bila kufundishwa na mtu. Ulinganishi huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni sehemu ya hoja: yapo mambo mawili, uso wa msimulizi na neno la Kiswahili lenyewe, ambayo mchoro ungeyabeba kwa kuyapunguza.

Suala hili ni zaidi ya uainishaji. Lawama inayozifuata kazi hizi ni kwamba zimemwacha msomaji wa kawaida. Lawama hiyo ina uzito wa pekee kwa sababu ya mtu inayemwelekea. Kezilahabi wa Kichomi (1974) aliingia katika mgogoro wa ushairi akitetea shairi lisilofungwa na vina na mizani, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kuisogeza lugha ya ushairi karibu na lugha wanayoisema watu. Ikiwa mtetezi huyo ndiye aliyekuja kuandika nathari isiyofikiwa ila na wasomi wachache, basi safari yake ya kisanaa ina mgongano mkubwa ndani yake. Lakini ikiwa sehemu ya ugumu huo inatokana na kuzisoma kazi hizi kwa ufunguo usiokuwa wake, mgongano unapungua, na sehemu ya lawama inawarudia wahakiki na walimu.

2.0 Usuli

2.1 Mwandishi na Ufuko wa Ziwa

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma katika Seminari ya Nyegezi kabla ya kuanza masomo ya chuo kikuu jijini Dar es Salaam mwaka 1967. Nyegezi ya leo imo katika Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Ni upande uleule wa ziwa ambako kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Tanzania. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Baadaye alifundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki dunia Januari 2020.

Riwaya zake za kwanza zina anwani. Rosa Mistika inamweka msomaji Namagondo, katika familia ya Zakaria, na kila jambo linalomfika Rosa lina mahali lilipotendeka. Nagona na Mzingile hazimpi msomaji ramani ya namna hiyo. Ndani yake mna njia, mji, mlima na magofu, lakini hakuna barua ambayo ingeweza kupelekwa huko ikafika. Kati ya Gamba la Nyoka na Nagona palipita zaidi ya miaka kumi, na ndani ya miaka hiyo ndimo ilimoandikwa tasnifu ya Wisconsin. Wahakiki wengi wameueleza mgeuko huo kwa tasnifu hiyo. Maelezo hayo ni sahihi ila hayatoshi. Falsafa inaweza kueleza kwa nini mwandishi aliuacha uhalisia. Haielezi kwa nini alipouacha alichagua picha badala ya insha.

2.2 Mikondo Miwili

Wakati Kezilahabi anaandika kazi hizi, Kiswahili kilikuwa tayari na msomaji mtu mzima aliyezoea masimulizi ya michoro. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, alikwisha kuwa mhusika mashuhuri katika gazeti la Uhuru. Jarida la Sani liliwapa wasomaji wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Hivi havikuwa vitabu vya watoto. Mada zake zilikuwa ulaji wa mjini, mapenzi, ulaghai, ulevi na ofisi za umma, na wasomaji wake walikuwa watu walionunua jarida kwa pesa yao wenyewe na kulipitisha mkono kwa mkono. Msomaji huyo alijua kwamba mtu anayeonekana mlangoni katika kisanduku kimoja na kitandani katika kisanduku kinachofuata ametembea katikati, ingawa hakuna aliyemchora akitembea.

Mkondo wa pili ni ule wa nathari inayovuka uhalisia. Baada ya Mzingile zilikuja kazi kama Walenisi ya Katama Mkangi (1995), ambamo Dzombo anafika katika jamii ambayo jina lake linatokana na kauli "wale ni sisi", Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo kigogo aitwaye K anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002), ambayo msimulizi wake anazunguka mabara. Said Ahmed Mohamed, akiandika kama mhakiki kwa jina la Said A. M. Khamis, amezieleza kazi za namna hii kuwa dalili za sura mpya ya riwaya ya Kiswahili. Alena Rettová naye amezisoma riwaya za Kiswahili na Kishona kwa jicho la bunilizi ya kisayansi.

Mikondo hii imekuwa ikitiririka sambamba. Ule wa michoro ulikuwa na wasomaji wengi na mada za kila siku. Ule wa nathari ya majaribio ulikuwa na mada pana na wasomaji wachache. Uhakiki wa kitaaluma umeushughulikia wa pili na kuuacha wa kwanza kwa wanahistoria wa magazeti. Matokeo yake ni kwamba nyenzo za kueleza jinsi mfuatano wa picha unavyojenga maana hazijatumiwa ipasavyo kwa kazi za nathari zinazozihitaji.

3.0 Mkabala

Uchambuzi huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususan dhana ya mwanya kama ilivyoelezwa na Wolfgang Iser katika miaka ya 1970. Kwa Iser, matini haikamiliki hadi msomaji azibe sehemu ambazo mwandishi ameziacha wazi, na jinsi sehemu hizo zilivyopangwa ndivyo matini inavyomwongoza msomaji. Dhana hiyo inaunganishwa na maelezo ya Scott McCloud katika Understanding Comics (1993), anayeonyesha kwamba katika masimulizi ya michoro nafasi tupu kati ya visanduku viwili ndiyo inayomfanya msomaji ashiriki: jicho huona picha mbili zilizosimama, akili huzipa mwendo.

Tofauti kati ya wanazuoni hawa ina umuhimu. Mwanya wa Iser hauonekani kwa macho, na msomaji anaweza kuupita bila kujua. Mwanya wa McCloud umechorwa ukurasani, na hakuna anayeuchukulia kuwa kosa la mchoraji. Hapa ndipo ilipo hoja kuhusu ugumu wa Nagona na Mzingile. Kazi hizi zina mianya mipana kama ya katuni, lakini zimechapwa katika aya zinazofuatana kama za riwaya ya kihalisia. Msomaji anayetarajia daraja na asilione hudhani kwamba amepotea.

4.0 Uchambuzi

4.1 Tukio kama Kisanduku

Nagona ni safari. Msimulizi anatembea peke yake, anafika katika mji ulio kimya, anakutana na watu ambao maneno yao yanafumba kuliko yanavyofumbua, na hatimaye masimulizi yanaelekea kwenye uwindaji wa paa anayeitwa Nagona na kwenye tukio linaloitwa Ngoma Kuu. Muhtasari huu ni sahihi, lakini unadanganya kwa kutumia neno "hatimaye". Katika kazi yenyewe, tukio moja halizai jingine. Kila tukio limekamilika ndani ya mipaka yake: lina mwanga wake, ukimya wake na watu wake. Msimulizi hatoki katika tukio kwa sababu amelimaliza. Anatoka kwa sababu picha imekwisha.

Mpangilio huu unaeleza sifa moja ambayo imewasumbua wasomaji, nayo ni kukaa pamoja kwa nyakati zisizokutana. Majina ya wanafikra wa Ulaya yanaingia katika masimulizi yenye wazee, mapori na ngoma, bila mwandishi kueleza wamefikaje. Katika riwaya ya kihalisia jambo hilo ni kasoro. Katika ukurasa wa michoro ni la kawaida: karne mbili huweza kukaa katika visanduku viwili vinavyogusana, na msomaji huzilinganisha badala ya kuuliza nauli ya safari. Mfaransa Moebius, katika Arzach iliyochapishwa katikati ya miaka ya 1970, aliondoa maneno kabisa na kumwacha mpandaji wa ndege wa ajabu avuke nchi zisizotajwa jina. Wasomaji watu wazima wa bunilizi ya kisayansi hawakuona kwamba wamenyimwa kitu. Walipewa nchi ya kuitazama. Nagona inaomba utazamaji wa aina hiyo.

Hata hivyo, si kila sehemu inafanikiwa kwa kiwango sawa. Zipo kurasa ambamo wahusika wanapokezana mafumbo kwa muda mrefu hadi picha inafifia, na kilichobaki ni mjadala wa dhana uliogawiwa kwa sauti mbili. Hapo kazi inasogea karibu na insha ambayo mwandishi alikuwa ameikwepa. Uhakiki unaoitetea Nagona haupaswi kuzificha kurasa hizo kwa jina la kina cha kifalsafa. Kina cha kazi hii kinaonekana zaidi pale ambapo ukimya wa mji unamfundisha msimulizi kuliko mazungumzo.

4.2 Mwanya kama Hoja

Swali linalofuata ni iwapo mianya hii ni mtindo tu au inabeba maana. Katika tasnifu yake Kezilahabi alihoji utengano kati ya kujua na kuwa, yaani mazoea ya kumweka ajuaye upande mmoja na kinachojulikana upande mwingine. Mtu mwenye mashaka hayo hawezi kuyasimulia kwa msuko ambao kila tukio linaelezwa na lililotangulia, kwa kuwa msuko wa namna hiyo tayari umekubali kwamba dunia inajulikana kwa kufuata mnyororo kutoka nje. Kwa hiyo mwanya ndio hoja yenyewe. Palipotarajiwa sababu pana nafasi tupu, na msomaji anapoizibia kwa uzoefu wake anaacha kuwa mtazamaji wa safari ya mtu mwingine.

Kwa msomaji wa Nyamagana jambo hili linaweza kuonekana kwa namna ya wazi. Kazi hizi zinapotaja mawe, kilima au maji bila kuyapa jina, msomaji aliyekulia Mwanza ana vitu vya kuweka katika nafasi hiyo. Anayo majabali yaliyobebana juu ya vilima vya mji, Jiwe la Bismarck lililosimama majini kando ya ufuko, na upeo wa ziwa ambao ng'ambo yake haionekani. Msomaji wa Zanzibar au wa Nairobi ataweka vingine. Haidaiwi kwamba Kezilahabi alikuwa anaichora Nyegezi ya ujana wake; dai hilo lingeirudisha kazi kwenye anwani ambayo mwandishi ameifuta. Kinachoonekana ni kwamba kufuta anwani kumefungua kazi kwa kila ufuko, na ule wa Nyamagana ukiwamo.

Muundo wa duara unaimarisha hoja hii. Ngoma Kuu ni mkusanyiko wa duara, na safari ya msimulizi inarudia mahali na maneno kuliko inavyosonga mbele. Jina la kazi ya pili nalo linaelekeza huko: mzingile-mwambiji ni njia zenye kupindapinda ambazo mtu huzunguka ndani yake bila kujua mlango. Msomaji anayehesabu hatua atachoka. Anayekumbuka picha atatambua alikwishapita hapo, na kutambua huko ndiko kusoma.

4.3 Maangamizi na Kinachobaki

Mzingile inaanza na masimulizi ya Kakulu, ambaye kuzaliwa kwake si kwa kawaida, kisha inamweka msimulizi katika safari ya kumpelekea mzee habari za kifo cha mwanawe. Wahakiki wamemsoma mzee huyo kuwa Mungu aliyejitenga na kuchoka. Baadaye dunia imeangamia, na maangamizi hayo yamesomwa na wahakiki wengi kuwa ya nyuklia. Hapa ndipo kazi inapokaribia zaidi bunilizi ya kisayansi, kwa sababu inauliza swali ambalo ndilo moyo wa utanzu huo: binadamu akiimaliza dunia kwa maarifa yake, ni nini kitakachostahili kuanza upya?

Swali hilo si geni katika ukanda wa ziwa. Masimulizi ya Wasukuma kuhusu Masalakulangwa yanaeleza jinsi zimwi Shing'weng'we lilivyowameza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto aliyezaliwa akakua, akauliza walipo watu, akaliua zimwi na kulipasua tumbo, na watu wakatoka. Katika masimulizi hayo kisu kilimkata sikio bibi mmoja, naye hakushukuru kwa kuokolewa. Alikasirika kwa kujeruhiwa.

Kuziweka hadithi hizi mbili pamoja kunadhihirisha ukali wa Mzingile. Katika hadithi ya Masalakulangwa maangamizi yanatenduliwa. Kilichomezwa kinatoka tumboni kikiwa hai, na gharama yake ni sikio moja. Katika Mzingile hakuna tumbo la kupasua. Waliokufa wamekufa, na mwanzo mpya, ukiwapo, hautakuwa kurudishwa kwa kile kilichokuwapo. Tofauti nyingine ni kwamba Shing'weng'we alikuja kutoka nje ya jamii. Maangamizi ya Mzingile yametokana na binadamu mwenyewe. Msomaji aliyelelewa na hadithi ya kwanza anaingia katika ya pili akimtarajia mtoto mwenye kisu, na kutokuja kwa mtoto huyo ni mwanya mpana kuliko yote katika kazi hii.

Ulinganishi na filamu fupi ya Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu unasaidia kuona chaguo hilo. Huko nako dunia imekwisha kuharibika. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi katika jamii iliyofungiwa ndani, na Asha anatoka kwenda jangwani akiwa na mche mmoja, ambao anaupanda na kuukinga kwa mwili wake. Filamu hiyo ina jina la Kiswahili, ingawa wahusika wake wanatumia Kiingereza katika maneno machache wanayoyasema. Kwa kuwa ni kazi ya picha, matumaini yake yana umbo: mti. Mzingile haimpi msomaji umbo la namna hiyo la kushikilia. Inamwacha na watu wasio na ramani ya kesho yao, na kwa hilo inadai zaidi kutoka kwake kuliko Pumzi.

4.4 Mahali Mchoro Unapokwama

Kufikia hapa ulinganishi unaweza kuleta pendekezo jepesi: kazi hizi zichorwe, na tatizo la wasomaji litakuwa limekwisha. Pendekezo hilo linakwama katika mambo mawili.

La kwanza ni uso. Msimulizi wa kazi hizi anajulikana kwa kiambishi cha nafsi ya kwanza, na kiambishi ni- hakibebi umri, sura, mavazi wala jinsia. Hata pale ambapo masimulizi yanadokeza jambo kuhusu mwili wa msimulizi, dokezo huja na kupita. Mchoro hauwezi kudokeza na kupita. Ungelazimika kuchagua uso mmoja na kuurudia katika kila kisanduku, na kila marudio yangemwambia msomaji kwamba safari hii ni ya mtu yule pale. Hali ni hiyohiyo kwa nafsi ya tatu. Kiswahili kinaweza kusema "alikuja, akaketi, akanyamaza" kwa ukurasa mzima bila kufichua aliyeketi ni mwanamume au mwanamke. Kalamu ya mchoraji haina kiambishi cha namna hiyo.

La pili ni neno. Anayewindwa katika Nagona ni paa. Kwa msemaji wa Kiswahili neno hilo halisimami kwa mnyama peke yake. Paa ni sehemu ya juu ya nyumba, kinga dhidi ya mvua na jua; kupaa ni kuondoka ardhini na kwenda juu; na kwa anayeandaa samaki, kupaa ni kuondoa magamba. Mnyama huyu anapokimbia mbele ya wawindaji, msikilizaji makini husikia pia kitu kinachopanda juu, kitu kinachositiri, na kitu kinachovuliwa ganda. Si lazima kudai kwamba mwandishi alikusudia maana zote hizi. Inatosha kwamba lugha aliyoichagua inaziruhusu na kwamba mada ya kazi, yaani utafutaji wa kile kilicho juu ya maarifa ya kawaida, inazipokea. Mchoro wa paa ungekuwa mchoro wa mnyama mwenye miguu minne, na maana nyingine zote zingebaki nje ya kisanduku.

Mambo haya hayaubatilishi ulinganishi, yanaupa kipimo. Nagona na Mzingile zinakopa mfuatano na mwanya kutoka upande wa picha, lakini zinabakiza kwa neno kazi ya kuficha. Zinamwonyesha msomaji mji, mlima na magofu kwa uwazi wa mchoro, kisha zinamficha yule anayeviona. Muungano huo wa uwazi wa mandhari na giza la nafsi ndio upekee wa kazi hizi, na unaweza kutajwa kwa usahihi zaidi kuliko neno "majaribio" linavyoweza.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yamejenga hoja kwamba kinachoziunganisha Nagona na Mzingile ni mfuatano wa picha wenye mianya ya makusudi, na kwamba mianya hiyo inabeba mashaka ya mwandishi kuhusu maarifa yanayofuata mnyororo wa sababu. Imeonyeshwa pia kwamba maswali ya Mzingile kuhusu maangamizi yanaiweka katika mazungumzo na bunilizi ya kisayansi kwa upande mmoja, na na masimulizi ya ukanda wa ziwa kwa upande wa pili, bila kumezwa na upande wowote.

Lawama kwamba kazi hizi zimemwacha msomaji inahitaji basi kurekebishwa. Zimemwacha msomaji anayeongozwa kutafuta msuko. Hazijamwacha msomaji wa Sani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivuka mianya kwa pesa yake na kwa hiari yake. Ugumu unaobaki, hasa katika kurasa zilizolemewa na mazungumzo ya dhana, ni wa kweli na haupaswi kukanwa; lakini ni mdogo kuliko ule unaozalishwa darasani pale mwanafunzi anapoombwa aeleze msuko wa kazi isiyo na msuko, akakosa, na kuandikiwa kwamba hajaelewa.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, ufundishaji wa kazi hizi uanze kwa kumtaka mwanafunzi aorodheshe picha alizobaki nazo baada ya kusoma, kisha aeleze nini kimeachwa wazi kati ya picha moja na nyingine, kabla ya kuulizwa kuhusu falsafa. Pili, mchoraji atakayejaribu kuzigeuza kazi hizi kuwa riwaya ya michoro ya watu wazima azingatie kuchora kutoka katika jicho la msimulizi: mji unaoonekana mbele yake, mikono yake ikibidi, kivuli chake juu ya jiwe, bila uso wake kuonekana popote. Paa naye asichorwe. Ionekane nyayo yake, na neno liachwe limtaje.